Ukingo wa jino lililosagwa na uimara wa taji la kauri: lini bega, lini chamfa, lini ukingo mwembamba?

Tabibu_Mwanza

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Mimi ni daktari wa kinywa na meno katika kliniki ya kawaida jijini Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Naomba mnisaidie kulifikiri jambo ambalo limeninyima raha kwa wiki mbili sasa.

Miezi 14 iliyopita nilimvisha mgonjwa wangu, mama wa miaka arobaini na kitu, taji, yaani kofia ya kufunika jino zima, la lithiamu disiliketi (aina ya kauri yenye kioo ndani yake) kwenye gego la kwanza la chini, upande wa kulia. Jino lilikuwa limekwisha kupata matibabu ya mzizi na kujazwa. Alitoka kwangu akiwa na furaha, akarudi mara mbili kwa ukaguzi, na kila kitu kilikuwa shwari. Wiki mbili zilizopita alikuja na kipande mkononi, amekifunga kwenye karatasi laini: kipande chenye umbo la mwezi mchanga, kimebanduka karibu na fizi, upande unaotazamana na gego dogo la jirani. Kutoka hapo ufa ulikuwa umepanda hadi juu ya taji, na nilipoligusa ili niliondoe, likagawanyika mara mbili. Hakuwa ameng'ata mfupa wala jiwe. Anasema alikuwa anakula ugali na dagaa.

Nilivipima vipande vyote kwa kalipa. Sehemu ya juu ya kutafunia ilikuwa na unene wa milimita 1.6, kama nilivyokusudia. Ukingo wa upande wa shavu ulikuwa na milimita 1 kamili. Lakini ukingo wa pale kipande kilipobandukia ulikuwa na milimita 0.4 tu. Yaani taji lilikuwa nene pale nilipopaogopa, na jembamba pale ambapo sikupafikiria.

Shuleni tulifundishwa kwamba mataji ya kauri yanataka bega (ngazi bapa inayosagwa kuzunguka jino karibu na fizi) au chamfa nzito (ngazi iliyopinda kwa mviringo), na kwamba ukingo wa kisu, ule mwembamba usio na ngazi, ni wa mataji ya chuma. Nilipoanza kusoma makala za majaribio, nikakuta baadhi zinasema bega ndilo lenye nguvu, nyingine chamfa, na nyingine zinasema kwa zirkonia, kauri yenye nguvu zaidi isiyo na kioo, hata ukingo mwembamba unahimili mzigo sawasawa na zile mbili. Naomba kuelewa mambo mawili. Kwanza, ukingo unahusikaje hasa na kuvunjika kwa taji, wakati meno hung'atana juu kabisa na si kule chini kwenye fizi? Pili, kwa jino ambalo nimekwisha kulisaga namna hii, nifanye nini mara ya pili ili mama huyu asirudi tena na kipande kwenye karatasi?

Mwalimu_Kauri

Marahaba, Daktari. Umefanya jema sana kuvihifadhi vipande na kuvipima. Wengi wetu huvitupa, tukaagiza taji jingine, na kosa lilelile likajirudia.

Tuanze na kauri yenyewe, kwa kuwa swali lako la kwanza jibu lake limo humo. Kauri huvumilia kugandamizwa mara nyingi zaidi kuliko inavyovumilia kuvutwa. Ukiigandamiza, nyufa ndogo zilizomo ndani yake hufumbwa, ukiivuta, hufunguka. A. A. Griffith alilieleza jambo hili kwa kioo mwaka 1921: kioo huvunjika kirahisi kwa sababu kina majeraha madogo yasiyoonekana kwa macho, na mkazo hujikusanya kwenye ncha ya jeraha. Basi ukitaka kujua taji litavunjikia wapi, tafuta mahali ambapo mkazo wa kuvuta ni mkubwa na majeraha ni mengi. Ukingo una yote mawili, kwa kuwa ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote na ndiyo inayosagwa na kung'arishwa zaidi maabara na kliniki.

Ama kuhusu nguvu ya juu kufika chini, fikiria mpini unapogongwa uingie kwenye tundu la jembe. Mti unasukumwa ndani, chuma kinachouzunguka kinataka kutanuka, na kama kina ufa, hapo ndipo kitakapoachia. Taji ni pete iliyofunikwa juu. Mgonjwa anapong'ata, taji linasukumwa chini juu ya kisiki, yaani jino lililobaki baada ya kusagwa, ambacho ni chembamba juu na kipana chini. Dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, nayo inabonyea kidogo, kwani ugumu wake wa kukataa kubonyea ni takriban gigapaskali 18, ilhali lithiamu disiliketi ina takriban 95. Mzingo wa chini wa taji unabaki ukivutwa kuzunguka pande zote. Kila mlo ni mamia ya kuvutwa kudogo, tena ndani ya mate, na unyevu huusaidia ufa kusogea polepole hata kwa mzigo ambao siku ya kwanza usingefanya lolote. Ndiyo maana taji lako lilikaa miezi 14, kisha likaachia kwa ugali.

Kipande cha umbo la mwezi mchanga si kigeni katika fani yetu. Tangu enzi za mataji ya kauri tupu, yaliyoanzishwa na Charles Land wa Detroit mwishoni mwa karne ya 19, madaktari waliujua mpasuko huo wa karibu na fizi, na waliuhusisha na kisiki kilicho kifupi mno au bega lililoinama. Dawa yao ilikuwa bega pana la nyuzi 90, ili kauri ikae juu yake kama tofali juu ya msingi. Lakini bega hilo la zamani lilikuwa na dosari yake: pale ukuta wa kisiki unapokutana na sakafu ya bega palikuwa na pembe kali, na pembe kali ndani ya kauri ni kualika ufa. Leo tunaposema bega kwa taji la kauri, tunamaanisha bega lenye pembe ya ndani iliyoviringwa. Mviringo huo una thamani kubwa kuliko tofauti ya majina kati ya bega na chamfa. Chamfa nzito iliyosagwa vizuri na bega lenye pembe iliyoviringwa hukaribiana sana kwa tabia, na mimi simgombezi mwanafunzi anayechagua moja kati ya hizo mradi upana wake uwe sawa kuzunguka jino zima.

Na hapo ndipo ninapoona tatizo la jino lako. Ukingo wako haukuwa sawa kuzunguka jino, ulikuwa milimita 1 upande wa shavu na 0.4 upande wa jirani. Tena upande wa jirani ndio mbaya zaidi kwa kuwa mwembamba. Ufizi na ukingo hupanda kati ya meno na kushuka kwenye shavu na ulimi, kwa hiyo ukingo wa taji una mawimbi kama ya tandiko la punda, na ukuta wa taji ni mfupi zaidi pale kati ya meno. Marit Øilo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walikusanya mataji ya kauri yaliyovunjikia vinywani mwa wagonjwa na kuzisoma nyuso za mipasuko kwa hadubini. Walikuta mara nyingi ufa umeanzia kwenye ukingo, hasa upande wa kati ya meno, wala si chini ya mahali meno yanapogusana.

Unaweza kulihakiki hilo mwenyewe. Chukua kipande, kigeuze chini ya taa huku umevaa miwani ya kukuzia, na utaona mistari midogo iliyotawanyika kama mishipa ya unyoya. Ifuate inakokutana. Hapo ndipo ufa ulipozaliwa.

Kuhusu vipimo: kwa lithiamu disiliketi, ambayo nguvu yake ya kupindwa ni takriban megapaskali 400, lenga ukingo wa milimita 1 wenye pembe ya ndani iliyoviringwa. Kwa zirkonia ya kawaida, iliyo na takriban megapaskali 900 hadi 1,200, chamfa ya milimita 0.5 inatosha kwa hali nyingi. Chuma kitupu kinakubali hata 0.3, kwa sababu chuma kinakunjika kidogo kabla ya kukatika, nacho hutoa onyo, kauri haitoi.

Nisingependa, hata hivyo, mtu yeyote asome maneno haya na kwenda kuchimba bega la milimita 1.5 kwenye kila jino. Shingo ya jino ni nyembamba, na jino lililo hai lina sehemu yake laini karibu na hapo. Kwa meno ya mbele ya chini, bega pana linaweza kumaliza dentini unayoitegemea. Kwa jino lililotibiwa mzizi kama hili lako, ukuta wa jino zima unaobaki juu ya ukingo, angalau milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka, una uzito kuliko umbo la ukingo lenyewe. Taji imara juu ya kisiki kilichokatika ni hasara ileile.

Fundi_Modeli

Nawaheshimu madaktari wote. Mimi ni fundi wa maabara ya meno hapa Dar es Salaam, na kazi yangu inaanzia pale yenu inapoishia. Naomba niongeze yale ninayoyaona mezani, kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo la kingo huonekana kwetu kabla ya mgonjwa kuvaa chochote.

Chapa ya meno aliyoichukua daktari kinywani inapofika, namimina plasta, nakata kisiki kimoja kimoja, kisha nauzungushia ukingo penseli nyekundu nikiwa chini ya hadubini. Penseli haidanganyi. Ukingo ulio safi unapokea mstari mmoja usiokatika kuzunguka jino lote. Ukingo wenye matatizo, mkono wangu unasimama: hapa mstari umekuwa miwili, hapa umepotea, hapa umeruka ngazi. Na mahali unapopotea, mara nyingi kupita kiasi, ni kati ya meno, kwa sababu daktari alikuwa anaogopa kuligusa jino la jirani, mkono ukapita haraka.

Kasoro ninayokutana nayo kuliko zote ni mdomo uliosimama. Ncha ya almasi ya kusagia chamfa ina mwisho wa mviringo. Ukiizamisha kwenye jino hadi nusu ya kipenyo chake, unapata chamfa nzuri. Ukipita nusu, upande wa nje wa ncha unaacha utepe mwembamba wa jino umesimama kama ukingo wa sinia. Ukiwa na ncha ya kipenyo cha milimita 1, basi chamfa yako haiwezi kuzidi milimita 0.5 bila kuacha utepe huo. Daktari anayetaka ukingo wa milimita 1 kwa ncha hiyo anajidanganya; anahitaji ncha nene zaidi au ncha ya bega. Utepe ule unakatika wakati wa kuvuta chapa au kugonga plasta, au unabaki, na taji linakaa juu yake badala ya kukaa kwenye sakafu. Vyovyote vile, mahali hapo pana pengo.

Jambo la pili ni mashine. Siku hizi mataji mengi huchongwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, na chombo cha kuchongea kina unene wake. Kikikutana na pembe kali au kijishimo chembamba kuliko chenyewe ndani ya kisiki, hakiwezi kukichonga hivyo kilivyo. Programu huamua kuchonga zaidi ili taji liingie, na nafasi hiyo inajazwa saruji ya kugandishia taji. Pale ambapo kauri ilipaswa kupata jino gumu nyuma yake, inapata utando mnene wa saruji. Halafu kingo nyembamba hudondoka vijipande wakati wa kuchonga. Ninazitazama chini ya hadubini na zinafanana na kisu chenye mapengo, kila pengo likiwa mwanzo wa ufa wa kesho. Ili kukwepa hilo, tunaiamuru programu iuongezee ukingo unene, na matokeo yake taji linatuna karibu na fizi, chakula kinashika, fizi inavimba. Zirkonia ina nafuu, kwa kuwa huchongwa ikiwa laini kama chaki na kubwa kupita kipimo, kisha hunywea kwa takriban asilimia 20 hadi 25 ndani ya tanuri la karibu nyuzijoto 1,500. Lakini hata hiyo chaki ina ukingo unaomeguka kwa ukucha.

Ombi langu kwa Daktari wa Mwanza na wenzake: mwambieni fundi ni nyenzo gani mnayoikusudia kabla ya kulisaga jino, si baada. Nimewahi kupokea chapa yenye chamfa nyembamba safi kabisa, ya kupendeza, ikiambatana na karatasi inayotaka lithiamu disiliketi. Nilipiga simu, tukabadilisha nyenzo. Ningekaa kimya ningetengeneza taji la kuvunjika.

Tabibu_Arusha

Nashukuru kwa maelezo, na ninakubaliana na mengi. Nitapinga kidogo, kwa nia njema.

Ninafanya kazi mkoani Arusha, ambako maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi na wagonjwa wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Kuna siku nzima ninazoshughulika na watu wanaotaka kuvisha meno ya mbele. Kwa miaka kadhaa nilisaga bega kama nilivyofundishwa, na nilikuwa nikiumia moyoni kuondoa enameli yote ya shingo ya jino zima, hai, la kijana wa miaka 22. Sasa kwa meno ya namna hiyo nasaga kidogo iwezekanavyo, nabaki ndani ya enameli, na nategemea kuunganisha kauri na jino kwa gundi ya resini. Najua enameli yenye floraidi nyingi hukataa asidi kirahisi, kwa hiyo naiondoa tabaka lake la juu kabisa kabla ya kuitia asidi.

Kwa upande mwingine, kwa wazee ambao fizi zimeshuka na mizizi imeonekana, nasaga ukingo wa wima, mwembamba, na kuweka zirkonia. Kusaga bega kwenye mzizi ni kuelekea moja kwa moja kwenye sehemu laini iliyo hai ndani ya jino. Wataliano wameitumia njia hiyo ya ukingo wa wima kwa miaka mingi, Ignazio Loi akiwa miongoni mwa waliosambaza mafundisho yake. Wagonjwa wangu wa aina hii hawajarudi na vipande. Na majaribio kadhaa ya maabara yameonyesha zirkonia yenye ukingo mwembamba ikihimili mzigo sawa na ile yenye chamfa. Je, si kweli kwamba tunaifundisha milimita 1 kama amri, ilhali inahusu nyenzo moja tu?

Mwalimu_Kauri

Ndugu yangu wa Arusha, hatupingani kama unavyodhani. Jino la kijana wa miaka 22 ulilobakiza enameli yake ni kazi ninayoiheshimu, na kwa hali uliyoeleza ningefanya hivyohivyo. Kauri iliyounganishwa vizuri na enameli haifanyi kazi kama pete iliyo huru. Inakuwa sehemu ya jino, na mkazo unapita kwenda nyuma badala ya kujikusanya kwenye mzingo. Ndiyo maana hatuwezi kuutaja ukingo bila kuitaja saruji. Lithiamu disiliketi iliyotiwa asidi ya hidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, ikapakwa sileni (kimiminika kinachounganisha kauri na resini) na kugandishwa kwa resini, ni taji tofauti na lilelile lililogandishwa kwa saruji ya kawaida. Zirkonia haina kioo cha kuliwa na asidi hiyo; hiyo hupulizwa kwa mchanga laini wa alumina kwa shinikizo dogo na kupakwa kiambatishi chenye MDP, kemikali inayoshikana na zirkonia.

Lakini kuhusu majaribio ya maabara naomba tuwe waangalifu, na hapa najibu pia swali la Daktari wa Mwanza la kwa nini makala hazikubaliani. Jaribio la kawaida ni hili: taji linawekwa juu ya kisiki, mpira wa chuma unashushwa katikati yake taratibu hadi livunjike, na mzigo unaandikwa. Zirkonia hupita niutoni 2,000 bila shida, ilhali mtu anayeng'ata kwa nguvu zake zote kwa magego hufikia takriban niutoni 500 hadi 900, na kutafuna kwa kawaida ni chini zaidi ya hapo. J. Robert Kelly alionya tangu mwaka 1999 kwamba majaribio ya aina hii huvunja taji kwa njia isiyotokea kinywani: mpira mgumu huponda kauri pale unapoigusa, na ufa unaanzia juu, mbali na ukingo. Jaribio lisilovunja ukingo haliwezi kutuambia ukingo upi ni imara. Ongeza kwamba wengine hutumia visiki vya chuma, wengine vya resini, wengine meno ya kweli, na kila kimoja kinabonyea kwa kiasi chake. Wengine huloweka na kurudiarudia mzigo mara laki nyingi, wengine husukuma mara moja tu. Ningeshangaa kama wangekubaliana.

Zirkonia nayo si moja. Ile ya zamani, yenye asilimia moli 3 za itria (oksidi inayochanganywa na zirkonia), ina ulinzi wa pekee: ufa unapoikaribia, chembe zake hubadilika umbo, zinavimba kidogo na kuubana ufa ule. Ile mpya inayopitisha mwanga vizuri, yenye asilimia moli 5, inapendeza machoni kwa meno ya mbele, lakini sehemu kubwa ya ulinzi huo imetolewa ili mwanga upite, na nguvu yake ni karibu nusu. Ukingo mwembamba uliofanya vema kwa wazee wako kwenye zirkonia ya kwanza usiuhamishie kwenye ya pili kwa kuwa tu zote zinaitwa zirkonia. Muulize fundi wako ni ipi anayoitumia. Wengi wetu hatuulizi.

Tabibu_Mwanza

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Jana usiku, baada ya wagonjwa kuisha, nilikaa na vipande vyangu chini ya taa. Mistari ya unyoya niliiona, na inakutana kwenye ukingo wa upande wa jirani, takriban katikati ya ule mwezi mchanga. Kwa ndani, mahali hapohapo, saruji iliyoganda kwenye kauri ni nene kuliko kwingineko, na imebeba alama ya mstari mkali, kama mkunjo wa karatasi. Nilirudi kwenye modeli ya plasta ya zamani ambayo kwa bahati nilikuwa nimeihifadhi. Utepe alioueleza Kaka Fundi upo, umekatika nusu. Nilitumia ncha ya chamfa ya milimita 1.

Kisiki sasa kiko hivi: ukuta wa jino juu ya ukingo ni milimita 2 kuzunguka, isipokuwa upande huo wa jirani ambapo ni 1.5, kwa sababu kuoza kulikuwa kumeshuka. Ukingo hapo uko usawa wa fizi. Nikiusukuma hadi milimita 1 ili nirudie lithiamu disiliketi, nitakula ukuta ambao ndio mwembamba kuliko wote. Mgonjwa anajali rangi, lakini ameniambia kwamba jambo kubwa kwake ni kula bila hofu.

Mwalimu_Kauri

Basi usiusukume. Ukuta huo ndio uliobaki kulishika taji, na ukiupunguza sasa hutaupata tena. Badilisha nyenzo ifuate jino. Ondoa utepe ule kwa ncha nyembamba ya mwendo wa taratibu, lainisha mkunjo wa ndani hadi usiuone tena, na uache chamfa laini isiyopungua milimita 0.5 popote kuzunguka jino. Upande wa shavu tayari una milimita 1, nao ubaki hivyo bila mkunjo. Agiza zirkonia ya asilimia 3, nzima bila kupakwa kauri nyingine juu. Kwa gego la chini rangi yake inakubalika. Kama angekuwa tayari kwa chuma, ningemshauri chuma, lakini hilo ni la kwake kuamua.

Usishuke chini ya fizi kutafuta ukuta zaidi. Kati ya kina cha ufizi na mfupa panahitajika takriban milimita 2 za nyama iliyoshikana na jino, kama vipimo vya Gargiulo na wenzake vya mwaka 1961 vilivyoonyesha, na ukipaingilia utaleta uvimbe usioisha.

Taji likifika, lijaribu kabla ya kuligandisha. Pitisha kifaa chenye ncha kuzunguka ukingo: McLean na von Fraunhofer mwaka 1971, baada ya kufuatilia zaidi ya kazi 1,000 kwa miaka 5, waliweka mikromita 120 kuwa kikomo cha pengo linalovumilika, na mkono wenye uzoefu unalihisi pengo la ukubwa huo. Likigoma kukaa, usilisukume. Tafuta ndani mahali linapogusa.

Fundi_Modeli

Na ukilazimika kulisaga kidogo kinywani, saga kwa maji mengi na ncha laini, kisha ling'arishe hadi liteleze. Ukingo usiuguse kabisa. Ukiona unazidi, nirudishie mimi au fundi wako. Kabla ya kuchukua chapa, piga picha ya kisiki upande ule wa jirani ukiwa umeufungua ufizi kwa uzi, uiweke hapa. Nitaichora kwa penseli nyekundu kwenye skrini, na mahali mstari wangu utakaposimama utajua pa kurudi.